Kabari ya Nne

"Karibia," Sajini Kipkosgei alisema.

"Nimekaribia, afande."

"Hujakaribia. Marehemu alikuwa karibu kuliko hapa."

Konstebo Kiptanui, aliyeshika usukani, alikanyaga mafuta kidogo. Landrova ikaingia katika vumbi la lori kama mtu anayeingia jikoni penye moshi. Lori lenyewe halikuwa na habari nao. Lilikuwa la shamba jingine, linapanda mlima wa Kaplong polepole na magogo ya mkaratusi mgongoni, na vichwa vya magogo vimechungulia nyuma kama ng'ombe wanaosukumana kwenye mlango wa dipu. Kila gurudumu lilipopiga shimo, vichwa vyote viliitikia.

"Unaona nini?"

"Vumbi, afande."

"Na sasa?"

"Sasa namwona mama yangu analia, na wajomba wameshika majembe."

"Simama."

Kiptanui hakungoja kuambiwa tena. Alisimama pale pale katikati ya barabara, akafuta mikono kwenye kaptula. Lori likaenda zake, likigugumia, mpaka vumbi likatulia juu ya majani ya chai pande zote mbili.

"Mtu mwenye akili zake anaweza kukaa pale kwa kupenda?" Sajini aliuliza.

"Labda alitaka kupita."

"Hakutaka. Magurudumu yake hayakuingia upande wa kulia hata mara moja. Nilizifuata alama zote jana. Alikaa katikati ya barabara, mkia wa lori ukiwa puani mwake, mpaka gogo lilipomjia."

Hapo ndipo kesi nzima ilipokwama. Zacheus Nyaberi, mwenye kununua mayai upande wa Kisii na kuyapeleka kwenye mashamba ya majani chai, alijulikana kutoka Sotik hadi Kericho kwa mambo mawili. La kwanza, alikuwa akiendesha pikapu yake kama amebeba mgonjwa. La pili, alikuwa akiogopa malori ya magogo. Si kuogopa kwa kawaida kama mimi na wewe. Akiona lori la magogo mbele, alikuwa akiegesha gari, anaingia hoteli iliyo karibu, anaagiza chai na kungoja mpaka lori lifike mbali. Pasipo na hoteli alikuwa akikaa tu chini ya mti. Watu walimcheka, watoto wakamtungia wimbo, naye akazidi kungoja.

Na jana asubuhi mtu huyo huyo alikufa nyuma ya lori la magogo, karibu nalo kuliko mtu yeyote aliyewahi kulifuata. Gogo lilichomoka, likavunja pikapu mbele, kisha likajiviringisha kuteremka mlima mpaka kona ya chini kabisa, ndipo likalala.

Mjane wake, Elmina, hakulia mbele ya polisi. Alisema neno moja tu. "Kuna mtu alimlazimisha."

Dereva wa lori aliitwa Mureithi. Alikuwa Mkikuyu, na mwaka ule wa hamsini na tano, Hali ya Hatari ikiwa imeshika nchi na serikali ikimshuku kila Mkikuyu, hilo peke yake lilitosha kumweka mtu pabaya. Lakini kulikuwa na zaidi. Jumamosi, kwenye pampu ya petroli ya Sotik, Zacheus alimwambia mbele ya watu kwamba magogo yake yataua mtu. Mureithi akamjibu: "Endelea na mdomo, siku moja nitakuangushia moja." Watu walicheka. Sasa walewale waliocheka wameandikisha ushahidi.

Tena mnyororo wa kufungia magogo ulikuwa mzima. Haukukatika. Kufuli yake ilikuwa imefungwa, na ufunguo wa kufuli ulikuwa shingoni mwa Mureithi. Inspekta Dunmore aliona mambo yameisha: dereva amefungua mnyororo, ameulegeza, amefunga tena, amemvuta adui yake mlimani. Gari la kutoka Nakuru lingekuja saa tisa mchana huu kumchukua. Akishaingia gari lile, hakuna atakayeuliza tena habari ya mnyororo. Wangeuliza urefu wa kamba ya kumnyongea.

Sajini alishuka. Alikuwa mtu mrefu mwenye mwendo wa taratibu, na alipokuwa amechanganyikiwa alizidi kwenda taratibu. Alitembea akiangalia chini. Alipiga hatua chache, akarukaruka ghafla na kujipiga mguu.

"Nini, afande?"

"Siafu."

"Wapi? Hapa ni barabarani."

Sajini aliacha kujikuna. Ni kweli, palikuwa barabarani. Siafu hawana kazi katikati ya barabara ya maramu kavu. Alichuchumaa. Msafara wao ulikuwa umenyooka kama umepigwa kwa uzi, unateremka mlima, na katika njia yao palikuwa na matone yaliyokauka, ya manjano, yanayong'aa kama gundi.

Alikwangua moja kwa ukucha, akanusa.

"Yai," alisema.

"Si alikuwa na mayai? Yamevunjika kwa ajali."

"Ajali iko juu huko. Sisi tuko chini. Yai haliwezi kuvunjika kabla ya kugongwa, Kiptanui, isipokuwa mwenye kulibeba ameacha kulihurumia."

Waliyafuata matone kwa miguu, siafu wakiwaonyesha njia. Yalipita mti mmoja mkubwa kando ya mtaro, yakapita kona ya chini, yakazidi kuteremka, na kila penye shimo yalikuwa mengi. Yaliishia Kaplong, mbele ya hoteli ya Nyang'au. Nyuma ya hapo, kuelekea Sotik, barabara ilikuwa safi.

Kwa hiyo mtu aliyeendesha kama amebeba mgonjwa alifika mpaka hapa bila kuvunja yai hata moja, na kutoka hapa akaenda mbio kama wazimu.

Nyang'au alikuwa akikaanga mandazi. Alikuwa mnene, mcheshi, na tangu jana ucheshi wake ulikuwa ukija kisha ukikumbuka na kurudi.

"Sajini, keti. Chai ni ya moto. Jana polisi mmoja alikunywa bure, leo wewe utamlipia?"

"Zacheus alikaa wapi?"

Nyang'au aliweka kijiti cha kugeuzia mandazi. "Hapo. Ile benchi ya mlangoni. Kila mara ni hapo, anatazama barabara. Alikuja, akaniambia, Nyang'au, yule Mureithi ako nyuma, amesimama kwa mto anaweka gari maji. Nitangoja apite, aende, nikunywe pole pole. Nikamwambia, wewe ndugu yangu utazeeka hapa kwa benchi. Akacheka. Nikaingia kugeuza mandazi. Nikasikia lori inapita. Nikasikia kikombe inaanguka. Nikitoka, yeye tayari ako kwa gari, anapiga stata."

"Alisema nini?"

"Hakuna. Kama alisema, mafuta ilikuwa inalia kwa sufuria. Nilimwona mgongo tu."

"Kuna mtu alikuja kumwita? Kumtisha?"

"Hapa? Kulikuwa na mimi na kuku."

Kwenye kona kulikuwa na mama mmoja wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, aliyekuwa akivuta kiti chake karibu tangu waanze kuzungumza. Nyang'au alimwonyesha kwa kidevu. "Muulize Mama Loice. Yeye alimwona mwisho. Lakini jitayarishe."

"Marehemu ni marehemu," Mama Loice alisema. "Siwezi kumsema vibaya."

"Basi mseme vizuri, mama."

"Alikuwa amelewa."

Nyang'au aliruka. "Zacheus? Zacheus hata soda ilikuwa inamzungusha kichwa!"

"Mimi nasema niliyoyaona. Tulikuwa wamama wengi, tunaenda kwa ibada, tumefika kwa ule mti mkubwa. Lori ikatupita, tukasimama kando. Vumbi imetufunika, tukarudi barabarani, na huyo mtu wako akatokea ndani ya vumbi, honi pi-pi-pi-pi! Mkono nje! Anapiga kelele kwa Kisii! Anatufukuza kama kuku walioingia kwa mahindi. Mimi na umri wangu nikaruka mtaro. Biblia yangu ikaingia matope. Tulikuwa bado tunapanguza nguo, tunamwambia Mungu amsamehe, lakini si haraka, ndiyo tukasikia kishindo."

"Aliwafukuza nyinyi tu?"

"Kila mtu! Mpaka wale wachuma chai waliokuwa juu. Barabara nzima aliifanya yake."

Sajini alitoka nje na kuketi kwenye benchi ya mlangoni. Kila alichookota kilimpeleka kwa mtu mwingine kabisa. Zacheus wa mjane alikuwa mwoga. Wa Nyang'au hakunywa pombe, na wa Mama Loice alikuwa mlevi mwenye dharau. Wa siafu naye alikuwa na haraka kiasi cha kusaga mali yake mwenyewe. Watu hawa wote walikuwa wamekufa katika kiti kimoja cha pikapu.

Akaamua kufanya kile marehemu alichofanya. Akatazama barabara.

Haikupita muda trela la maziwa likaja likivutwa na trekta. Mbele ya hoteli palikuwa na kalvati, daraja dogo la mtaro, iliyoinuka kama nundu. Trekta lilipanda, trela likapanda, na makopo yote ya maziwa yakaruka juu na kutua kwa kishindo kikubwa.

Sajini aliinuka. Alienda mpaka kwenye kalvati, akapiga magoti kwenye majani ya kando, akaanza kuyapapasa kama mtu aliyepoteza pete. Kiptanui alimfuata, hajui anatafuta nini, na kwa kweli Sajini naye hakujua. Alipokipata ndipo alipojua.

Vilikuwa vipande vya mti, vyeupe, vyepesi kama ukoko wa mkate. Alijaribu kuviunganisha kiganjani. Upande mmoja vilikuwa vimebonyea, na ndani ya kule kubonyea palikuwa na alama za duara zilizofuatana. Alama za mnyororo.

*

"Saa tisa, Sajini," Inspekta Dunmore alisema waliporudi Sotik, bila kuinua macho mezani. "Gari ya Nakuru hapana ngoja watu. Wewe nataka nini tena?"

"Kumuuliza mfungwa swali moja, Bwana."

"Uliza. Yeye tasema uwongo."

Mureithi alikuwa ameketi sakafuni, magoti kifuani. Alikuwa bado na vumbi la mlima kwenye nyusi.

"Magogo yako unayafunga vipi?"

"Afande, nimesema hii maneno tangu jana."

"Sema tena kama unamfundisha mtu."

"Mnyororo unapita juu. Unakaza, unatia kufuli. Lakini mnyororo peke yake unapumua, gari ikiruka. Kwa hivyo unagonga kabari katikati ya mnyororo na magogo, na nyundo, mpaka mnyororo unalia. Mimi niko na kabari nne. Ya mti wa mutamaiyu. Nilizichonga Molo nikiwa bado naweza kutembea bila pasi ya serikali. Miaka yote hiyo haijawahi kuvunjika moja."

"Uliposimama mtoni Kaplong ulizigonga?"

"Nilikuwa peke yangu, taniboi wangu wa kunisaidia alirudishwa Kiambu. Nilienda chini na debe, nikarudi, nikaweka maji. Nikazunguka gari. Nikaziona, nne. Nikaenda."

"Uliziona au ulizigusa?"

Mureithi alifikiri. "Niliziona."

"Na yule mtu wa mayai?"

"Huyo!" Mureithi aligeuza uso ukutani. "Alinipigia honi kutoka Kaplong mpaka juu. Nikadhani ni yale maneno ya Jumamosi, ananitukana na honi. Nikamtolea mkono: pita! Hakupita. Nikasogea kando: pita! Hakupita. Afande, kama alinichukia hivyo, kwa nini hakupita?"

Sajini alitoka nalo swali lile.

Lori lilikuwa uani, na magogo yaliyobaki bado yako juu yake kwa amri ya Inspekta. Sajini alipanda. Mnyororo ulikuwa umelala ovyo kama utumbo. Alipata kabari ya kwanza, ya pili na ya tatu, nyeusi, nzito kama chuma, vichwa vyake vimechanuka kwa kupigwa nyundo. Ya nne haikuwepo. Mahali pake, kwenye gome la gogo, palikuwa na unga mweupe wa mti uliosagika.

Aliteremka, akaketi kwenye ubao wa lori, kabari moja mkononi, vipande vyeupe katika mkono wa pili.

"Nisikilize, Kiptanui, uniambie nimekosea wapi. Kuna mtu alitoa kabari ya nne pale mtoni, dereva akiwa chini na debe."

"Adui."

"Adui angeitoa akaitupa, halafu akakimbia. Huyu alitoa ngumu akaweka laini mahali pake."

"Basi ni mwizi."

"Mwizi wa kipande cha mti? Na mwizi gani anaacha kitu? Huyu ameacha. Amechagua kipande kinacholingana, amekisukuma mpaka kikakaa sawa. Amefanya kazi nzuri mpaka mwenye gari mwenyewe hakuona tofauti. Ni mtu aliyedhani amelipa."

Kiptanui alikuna kichwa. Alikuwa amepotea kabisa, na ilimfariji kuona mkubwa wake naye hajafika.

Sajini aliinua ile kabari nyeusi, bila kufikiri, akainusa. Akainusa tena.

Ulikuwa mzeituni wa mwitu, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu. Kwa watu wake Sajini ni emitiot, na hakuna mtoto wa Kipsigis aliyekunywa maziwa asiyejua kazi ya mkaa wake. Mama huuchoma mti huo, huusugua ndani ya kibuyu, humimina maziwa, hufunga, na baada ya siku kadhaa hutoka mursik, maziwa ya kuganda yenye michirizi ya kijivu na harufu ya nyumbani. Lakini mashamba ya chai yalikuwa yamefyeka misitu. Sasa wamama walikuwa wakitembea mpaka mpakani mwa msitu wa Mau kutafuta kijiti kimoja kilichokauka vizuri. Na mama yake Sajini alikuwa akimwambia, kila walipookota kuni kwa jirani: ukichukua bila kuacha, maziwa yatakataa kuganda.

"Ni nani karibu na mto wa Kaplong ana sherehe wiki hii?" aliuliza.

"Sherehe? Afande, tunatafuta muuaji."

"Nani?"

"Boma la Chepkemboi. Kijana wake anatoka jandoni kesho. Hata mimi nimealikwa."

"Washa gari."

*

Chepkemboi alikuwa ameketi mlangoni, vibuyu vimesimama ukutani kwa mstari, virefu, vimefungwa shanga. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Aliwapokea kwa furaha, kwa Kikipsigis, na wao wakamjibu kwa Kikipsigis, na kabla Sajini hajasema lolote tayari alikuwa na kibuyu cha mursik mkononi. Hangeweza kukataa. Alikunywa. Ilikuwa nzuri, na uzuri wake ulimtia huzuni.

"Mama, mkaa wako ni wa emitiot."

"Umetambua!" Chepkemboi alicheka. "Na kuna wajinga huku wanatumia mkaratusi, maziwa yana ladha ya dawa ya kikohozi. Nimetafuta mwezi mzima. Miguu imekufa. Kisha Mungu akanionyesha pale chini ya pua yangu."

"Mtoni."

"Mtoni. Lori limesimama, na emitiot iliyokauka kabisa imechomekwa tu pale kwenye mnyororo. Nikasema hawa watu wa magari wanachezea mali. Lakini sikuiba! Niliacha nyingine. Nilikuwa na kipande cha ule mti wa maua mekundu, nimekichonga kiwe mguu wa kiti. Kizuri, kipya, kinene kuliko chao. Nikapiga na jiwe mpaka kikaingia. Kwa nini unaniangalia hivyo?"

"Kimebaki kitu?"

Aliingia ndani, akarudi na kisiki kilichoungua nusu. Kichwa chake kilikuwa kimechanuka kwa kupigwa nyundo.

Sajini alimweleza. Alimweleza taratibu, bila kupandisha sauti, habari za mnyororo, kalvati, kile kipande kizuri kilichopasuka, na gogo. Chepkemboi alisikiliza amesimama. Mwanzo alitikisa kichwa kama mtu anayemsahihisha mtoto. Kisha akaacha.

"Lakini niliacha kingine," alisema.

"Najua, mama."

"Kilikuwa kipya."

"Najua."

Mbele ya nyumba wasichana walikuwa wakifagia uwanja kwa ajili ya kesho, wakiimba. Chepkemboi aliwatazama kwa muda. "Huyo aliyefungwa, ana mama?"

"Sijui. Nadhani anaye."

"Na wakimchukua, atarudi?"

"Hatarudi."

Hakuuliza yeye mwenyewe atafanywa nini. Alinawa mikono, lakini weusi haukutoka. Akajifunga shuka, akakifunga kile kisiki kwenye kitambaa, akapanda Landrova kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na njia nzima alishika mlango kwa mikono miwili.

*

Gari la Nakuru lilikuwa limeshafika, limegeuzwa tayari, mlango wa nyuma uko wazi. Mureithi alikuwa amesimama kando yake na pingu. Elmina alikuwa ameketi kwenye ngazi za kituo na shemeji zake wawili kutoka Kisii. Walikuja kutafuta gari la kubeba maiti kutoka hospitali ya misheni, na wenye magari wote wa Sotik, waliposikia ni maiti ya ajali ya barabarani, waliogopa mkosi, wakaingiwa na kazi nyingi ghafla.

Inspekta Dunmore alisikiliza, akatazama kisiki, akamtazama Chepkemboi, akazidi kuwa mwekundu.

"Sajini. Mimi andika nini? Mama moja naiba kijiti ya maziwa, mtu nakufa?"

"Bwana aangalie kwanza."

Kiptanui alipanda lori na kipande cha mti wa maua mekundu alichokata njiani. Alikiingiza chini ya mnyororo, akakipiga. Mnyororo ukakazika, ukalia. Mtu yeyote aliyetazama kwa macho angesema mambo ni sawa. Kisha Sajini akawaomba askari wanne waruke juu ya magogo. Waliruka mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu kipande kilisagika kwa mlio mdogo kama wa biskuti, na mnyororo ukaanguka ubavuni, kufuli imefungwa vilevile.

Inspekta aliuvuta mnyororo ule kwa mkono wake mwenyewe. Alivuta tena. Akaenda kwa dereva wa gari la Nakuru, wakazungumza Kiingereza kwa hasira, na mlango wa nyuma ukafungwa bila mtu ndani.

"Toa pingu," alisema. "Huyu mama tarudi hapa Jumatatu, jaji taamua. Sasa enda nyumbani." Alipofika mlangoni aligeuka. "Sajini. Lakini ile mtu ya mayai. Kwa nini yeye kaa nyuma?"

Hilo ndilo lililokuwa limebaki, na Sajini aliona jibu lake ni la mjane kwanza. Alimwendea Elmina, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, ulisema kuna mtu alimlazimisha."

"Na bado nasema."

"Alikuwa amekaa anakunywa chai. Lori likaruka kwenye kalvati, kabari ikapasuka mbele ya macho yake. Akaona mnyororo umelegea, na lori linaenda kupanda mlima. Alikimbia kumwambia dereva."

"Kwa hivyo alitaka kumpita."

"Angeweza kumpita. Dereva alimpa njia mara mbili. Lakini mlima ulikuwa umejaa watu. Lori likipita watu, wao wanarudi barabarani nyuma yake, ndani ya vumbi, hawaoni. Yeye aliona. Alikaa pale nyuma, akapiga honi, akawafukuza mmoja mmoja mpaka wakaingia mtaroni. Kule waliposimama, mama, ndiko gogo lilikopita likiteremka. Lilienda mpaka kona ya chini. Halikukuta mtu."

Mmoja wa shemeji akaanza kusema kitu, Elmina akamnyamazisha kwa mkono.

"Mwoga vile," alisema. "Usiku alikuwa ananiamsha nimsindikize choo."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hivyo hakuna mtu alimlazimisha."

"Hakuna."

Mureithi alikuwa amesogea, anasugua mikono palipokuwa na pingu. Alikuwa amesikia yote. Akasimama mbele ya Elmina, akitazama viatu vyake.

Elmina alimwangalia kutoka chini hadi juu, bila haraka.

"Wewe," alisema. "Lori yako inafika Kisii?"

"Inafika, mama."

"Hawa wengine wamekataa kumbeba."

Shemeji zake waliinuka wote wawili. "Elmina! Huyu? Juu ya hii gari?"

"Nyinyi mko na gari ingine?" Hawakuwa nayo. Akamgeukia Mureithi. "Utamfunga vizuri. Na hapo kwa nyuma nitakaa mimi, niangalie."

Mureithi aliitikia kwa kichwa. Akavua koti, akapanda lori, na peke yake, kabla askari hawajafikiria kumsaidia, akaanza kuyateremsha magogo.